Meno ya Syokau

Nimesoma hadi darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunitafutia maneno makubwa humu. Hata hivyo, kwa miaka mingi niliwafundisha vijana wa diploma hapa Machakos kuchora herufi, kuchapa vitambaa na kupanga picha, kwanza kwa brashi, baadaye kwa kompyuta, na wengi wao leo wanakula kwa kazi hiyo. Idara imeniomba niwaandikie kidogo nyinyi mnaoanza. Nimeandika kwa mkono kwenye daftari la mistari, na atakayelipiga chapa namwomba asinisafishe sana. Mtaona huko mbele kwa nini naogopa kusafishwa.

Jina langu ni Kalekye, lakini chuoni wananiita Susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba. Nawaelezea nyinyi mliotoka Mlolongo na Syokimau, ambao Kikamba chenu kimebaki cha kuombea chumvi tu.

Niko na kitu kimoja ambacho kompyuta haijanishinda, nacho ni majina. Stima zikipotea yangu hayapotei. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watu kumi na mmoja na naweza kuwaita hata sasa: Kimeu wa dirishani, Josephat Mutiso na pacha wake Jones, ambao walikuwa wakibadilishana viti wakidhani sioni, Ruth Ndinda aliyekuwa na tabia ya kulamba brashi ili ichongoke, na wengine saba ambao mkinitembelea nitawataja mpaka chai ipoe. Ndinda nilikutana naye sokoni juzi, sasa naye ana wajukuu. Nikamuuliza, "Ndinda, uliacha kulamba brashi?" Akacheka mpaka sukuma wiki ikamwanguka mkononi.

Mtauliza nilifikaje chuoni bila cheti. Nilifika kwa uji.

Nyuma ya soko kulikuwa na fundi wa mabango, Mzee Ndolo. Alikuwa akiandika majina ya maduka na milango ya lori, na mimi, msichana mwenye mtoto mmoja mgongoni, nilikuwa nikimpelekea uji saa nne. Siku moja nilimwekea kikombe nikamwambia, "Mzee, hiyo ya tatu imelala." Sikujua neno lenyewe limeandikwa nini. Nilijua tu kwamba herufi ya tatu ilikuwa imelala. Ndolo akavuka barabara, akaangalia kutoka ng'ambo, akarudi, akaifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Kisha akanipa brashi. Uji wangu siku hiyo ulipoa bure.

Mambo aliyonifundisha Ndolo ni machache na bado yanafanya kazi. La kwanza, vuka barabara. Kazi haitazamwi ukiwa umeinamia. La pili ni la ndengu. Aliniambia, "Kati ya herufi na mwenzake, fikiria unamimina ndengu. Kila nafasi ishike ndengu sawasawa. Ukiona hapa kikombe, pale vikombe viwili, umeharibu." Wenzangu wenye digrii wana jina la jambo hilo na kipimo chake kwenye kompyuta. Mimi bado namimina ndengu.

La tatu nililipata kwa aibu. Ndolo alinituma peke yangu kwenye bucha ya mtu aitwaye Mwanzia, nichore ng'ombe ukutani kando ya mlango. Nilichora ng'ombe mzuri, mwenye nundu na kengele, nikamaliza nikiwa nimejaa sifa. Mwanzia akatoka na kisu chake mkononi, akaangalia kwa muda.

"Huyu anaenda wapi?"

"Anatembea tu, mzee."

"Anatoka dukani kwangu. Matako yake yako mlangoni na kichwa kiko kwa bucha ya Muli. Sasa wateja nitawaambia nini, kama hata ng'ombe ananikimbia?"

Nilirudi kwa Ndolo karibu kulia. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Ulimuuliza?" Yaani, kabla ya kuchora, ulimuuliza mwenyewe anataka nini? Sikuwa nimeuliza. Kesho yake nilipaka chokaa nikamchora ng'ombe upya akiingia bucha kwa furaha, maskini, bila kujua. Mpaka leo nikiona bango la mwanafunzi lenye mtu anayetazama nje ya karatasi, mgongo umegeukia maneno, namwambia, "Ng'ombe wako anatoroka."

Chuo kilipofungua karakana ya kuchapa, mkuu wa idara, Bwana Wambua, alikuja kumtafuta Ndolo. Ndolo akasema magoti yake yamekwisha, wamchukue Kalekye. Wakaniandika kama fundi wa karakana, kwa kuwa mwalimu bila karatasi haandikiki, na kazi ya fundi huyo ikawa kufundisha.

Halafu kompyuta zikaja. Wanafunzi wangu ndio walionifundisha kuzitumia, na mimi nikawafundisha kuzitazama. Niliwaambia wavuke barabara. Kwa kuwa ndani ya chumba hakuna barabara, niliwatoa uani, wakawa wanaziangalia kazi zao kupitia dirishani. Siku moja Bwana Wambua alipita akakuta vijana kumi na wanne wamesimama juani wakichungulia ndani, na chumba kizima hakina mtu ila mimi. Akaniita kando.

"Susu, wamefanya kosa gani?"

"Wanasoma."

"Wanasoma wakiwa nje?"

"Ndani wanaandika. Kusoma ni huko nje."

Alikwenda zake, lakini jioni nilimwona amesimama uani peke yake, akiangalia ofisi yake kupitia dirishani. Wiki iliyofuata alihamisha kabati.

Sasa nifike kwa Mwende, kwa maana hiyo ndiyo hadithi niliyokaa kuandika.

Mwende alikuja kwetu akiwa mtu mzima kidogo kuliko wenzake. Alikuwa ametoka kiwanda cha nguo huko EPZ, Athi River. Aliniambia siku ya kwanza, akiwa anaosha fremu ya kuchapia, "Susu, nimeshona mfuko wa kushoto miaka mitatu. Wa kushoto tu. Sijawahi kuona suruali ikiisha." Nilimpenda papo hapo. Alikuwa na haraka ya mtu aliyechelewa, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Muhula wa mwisho kila mwanafunzi hutafuta mteja wa kweli, amfanyie kazi ya kweli, na mteja atie sahihi kwenye fomu kwamba ameridhika. Bila sahihi hakuna alama, na bila alama unarudia muhula mzima. Mwende alikuwa ameshapata nafasi ya kujifunza kazi kwa mchapishaji mmoja Nairobi, aanze Jumatatu baada ya ile Ijumaa ya kurudisha fomu. Mchapishaji alikuwa amemwambia wazi: asipofika Jumatatu, wako wengine mlangoni. Na EPZ kiti chake kilikuwa kimeshakaliwa. Kwa hiyo mjue, kila kitu chake kilikuwa juu ya sahihi moja.

Mteja wake alikuwa mwethya wa akina mama upande wa Masii. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi. Leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu. Hawa walikuwa wamejenga bwawa la mchanga, yaani ukuta unaozuia mchanga ushike maji ya mvua, kwenye mto mkavu, na Jumamosi walikuwa na ibada ya shukrani. Walitaka bango moja na tisheti za wanachama wote, zenye uso wa kiongozi wao, Syokau, mama wa miaka karibu tisini ambaye alikuwa bado anabeba mawe.

Mwende alikwenda akampiga picha akicheka, akarudi, akafanya kazi siku mbili bila kuinua kichwa. Kisha akaniita.

"Susu, toka nje uangalie. Hii iko sawa kabisa."

Nikatoka uani. Herufi zilishika ndengu sawasawa. Uso ulielekea ndani, kwa maneno. Rangi ya mchanga na rangi ya maji, vizuri. Na katikati yake Syokau akicheka, na mdomoni meno meupe, marefu, yaliyonyooka kama mahindi ya mbegu.

Niliona. Ninawaambia ukweli, niliona. Mama wa Kikamba wa umri ule, nilijua meno yake ya mbele yalivyopaswa kuwa. Zamani yalikuwa yakichongwa, yanatolewa pembeni kwa patasi mpaka kila jino linakuwa na ncha, na kati yake nafasi. Lilikuwa pambo. Nilijua, na nikanyamaza. Nikamwambia Mwende, "Ni safi." Kwa nini nilinyamaza nitawaambia mahali pake, kwa sababu mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa Syokau, na si haki nyinyi mtangulie.

Jumanne Syokau alikuja mwenyewe kuona kazi, pamoja na katibu wao, mama mmoja mnene mcheshi aitwaye Nthenya. Tukawapa viti. Mwende akageuza kompyuta. Syokau akavaa miwani, akavua, akaifuta kwa leso, akavaa tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Susu," Mwende akamwambia, maana kwake kila nyanya ni Susu.

"Mimi?" Akamgeukia Nthenya. "Wewe unamjua huyu?"

Nthenya akaangalia. "Kitambaa ni chako. Hayo mengine sijui."

"Huyu nikikutana naye njiani nitamsalimia kama mgeni. Hata mume wangu Nzioka akifufuka leo, atamuomba radhi apite, aendelee kunitafuta. Meno yangu yako wapi?"

Mwende alikuwa bado anatabasamu, maskini. "Yalikuwa yamevunjika hapo mbele, Susu. Nikakurembesha kidogo."

Syokau alifungua mdomo wake polepole, akaweka kidole kwenye jino moja, halafu la pili, la tatu, la nne.

"Haya hayakuvunjika. Haya yalichongwa asubuhi moja, nikiwa nimelaza kichwa kwa mapaja ya shangazi yangu. Tulikuwa wasichana watano. Ukilia, wimbo wa kukucheka unatungwa hapo hapo. Mwenzangu Kamene alikimbia na meno mawili tu yamechongwa, akaolewa akiwa hivyo hivyo, nusu. Mimi sikulia. Wewe mtoto, nyumba yangu ikiwa na dirisha, utalijaza matope useme umenirembesha?"

"Naweza kurudisha," Mwende akasema haraka. "Dakika mbili tu."

Akafungua faili. Akafungua lingine. Nikaona mkono wake unaanza kupunguza mwendo. Alikuwa amefanya kazi juu ya picha yenyewe ya kwanza, si nakala, akaihifadhi juu yake kila jioni, na kadi ya kamera ameshaisafisha ili apate nafasi. Syokau wa kweli hakuwemo tena mahali popote kwenye ile mashine. Alikuwa tu pale kwenye kiti, akitafuta fimbo yake.

"Basi tukupige nyingine, Susu. Sasa hivi, hapa hapa."

"Ulinipiga mimi ukamtoa mwingine," Syokau akasema akisimama. "Sifungui mdomo tena mbele ya hiyo kitu."

Alipofika mlangoni Nthenya alituangalia kwa huruma. "Sisi tutaenda shukrani na nguo zetu za kanisa," akasema. "Si lazima tisheti."

Fomu ilibaki mezani ikiwa nyeupe. Mwende hakulia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta fremu iliyokuwa safi tayari. "Mfuko wa kushoto," akasema. Basi.

Hapo ndipo nilipomsikia Mzee Ndolo kana kwamba yuko nyuma yangu na kikombe chake: ulimuuliza? Lakini mara hii swali halikuwa la Mwende peke yake.

Nikamwambia, "Kesho vaa viatu vya kuchafuka. Tunaenda Masii."

"Kumbembeleza?"

"Kubeba mawe. Kesho ni siku yao ya mwethya."

Tulifika mtoni jua likiwa bado dogo. Akina mama walikuwa wamejipanga mstari, wakipitisha mawe kutoka ukingoni hadi kwenye ukuta wa bwawa, maana walitaka kuumaliza ukingo wa mwisho kabla ya Jumamosi. Syokau alikuwa katikati ya mstari. Alituona, akaendelea kupitisha mawe. Nthenya ndiye aliyetupokea.

"Hata wa kompyuta wamekuja. Mtoto, hilo jiwe halina kitufe cha kufuta."

"Nipatie kubwa," Mwende akasema.

"Kubwa utaliangushia miguu yako, uje uirembeshe."

Walimcheka asubuhi yote kwa mdundo wa kazi, na yeye akaendelea kupokea na kupitisha. Mstari wa kiwandani ulikuwa umemfundisha hilo: kupokea kutoka kushoto, kupeleka kulia, bila kusimamisha wengine. Ilipofika saa nne walikuwa wameacha kumcheka na wameanza kumwambia majina ya watoto wao ambao hawajaoa.

Mimi magoti yangu yalikuwa yameshafika umri wa magoti ya Ndolo, kwa hiyo nilikalishwa kivulini kumimina uji. Maisha yananirudisha kwenye uji kila mara. Syokau alipokuja kuchukua kikombe chake nikamwita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, kaa kidogo. Yule msichana hakujua. Mimi nilijua."

Akakaa. Nikamwambia hivi. Mama yangu alikuwa na meno kama yake, manne, na alipocheka ulimwona kutoka mlima wa pili. Nilipohamia mjini na kuanza kazi kwa Ndolo, mama alikuja kunitembelea, nikampeleka studio tupigwe picha. Nilikuwa nimevaa gauni jipya na viatu vya kisigino. Mpiga picha aliposema yuko tayari, nilimnong'oneza mama, "Funga mdomo." Akafunga. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya mama yangu. Kwa hiyo niliposimama uani nikaona meno yaliyonyooka, kitu fulani ndani yangu cha zamani kilisema, afadhali. Ndiyo sababu nilisema ni safi.

Syokau alikunywa uji wote kabla ya kunijibu.

"Na mama yako alisema nini?"

"Hakusema. Alifunga tu."

"Alikupenda sana," Syokau akasema. "Mimi ningekupiga kofi na hivyo visigino vyako."

Nikacheka bila kutaka. Wakati huohuo, kule mtoni, Mwende alikuwa ameamua kubeba karai la mchanga kichwani kama akina mama wengine. Alitembea hatua saba, nilizihesabu. Ya nane, karai lilikwenda upande wake na Mwende akaenda upande wake, na mchanga ukamfunika kuanzia nywele hadi kifuani. Akakaa hapo hapo, macho mawili tu yakionekana, akasema kwa sauti ya upole, "Mtu asinisafishe."

Syokau alicheka. Alicheka kichwa kikirudi nyuma, mdomo wote wazi, meno yale manne yakisimama kama vilima vinne na anga kati yake. Mstari mzima ulisimama. Mimi nilimtazama Mwende, na Mwende alikuwa akimtazama Syokau, na mikono yake ilikuwa imetulia magotini. Kamera ilikuwa ndani ya mkoba wake, chini ya mti, na hakuigusa.

Syokau alipomaliza akajifuta machozi kwa leso. "Na ile kitu yako iko wapi?"

"Iko kwa mkoba, Susu."

"Sasa mimi nimecheka bure?"

"Ulisema hufungui mdomo mbele yake. Sikukuuliza tena."

Syokau akamwangalia vizuri, kwa mara ya kwanza nafikiri. "Basi niulize."

Mwende akasimama na mchanga wake wote. "Susu, naomba nikupige picha."

"Nawa mikono kwanza. Halafu uhesabu meno kabla uondoke, na ukifika Machakos uyahesabu tena."

Alipiga picha nyingi. Kila moja alimwonyesha. Syokau ndiye aliyechagua, na alichagua ile ambayo mimi nisingechagua, yenye kitambaa kimelegea na jicho moja limefumba. "Hii ndiyo mimi," akasema, na kesi ikaisha.

Alhamisi tulichapa. Sasa nyinyi mnaochapa tisheti, sikilizeni hapa, kwa sababu hii ni kazi yenyewe. Uso uliokuwa mkubwa kwenye kompyuta ukiupunguza ukae kifuani, sehemu nyembamba ndizo zinazokufa kwanza. Tisheti ya kwanza ilipotoka, wino ulikuwa umeenea kwenye uzi na kula ncha za meno, yakawa butu. Mtu mwingine angesema inatosha, hakuna atakayeona. Mwende aliiinua, akaenda nayo hadi uani, akarudi.

"Hapana. Yanarudi kuwa yale ya kompyuta."

Tukaosha fremu. Akachora tena, akifikiria wino utakapoenea, akiziacha ncha ndefu kuliko zilivyo ili wino ule ziada tu. Tisheti ya pili ilikuwa karibu. Tukaosha tena. Ya tatu alinipa mimi nivuke barabara, na kutoka kule mwisho wa ua, karibu na tangi la maji, nilimwona Syokau anacheka. Kati ya jino na jino, ndengu zilikuwa sawasawa.

Ijumaa asubuhi Syokau alikuja na fimbo yake kutia sahihi. Hakujua kuandika, na kidau cha ofisi cha kidole gumba kilikuwa kimekauka. Mwende alimtazama, akatazama kopo la wino wa tisheti. "Susu, huu hautoki."

"Kwani mimi nataka utoke?"

Akachovya gumba, akaligandamiza kwenye fomu. Wino ule wa buluu ulipenya karatasi mbili, ukatoa alama hadi kwenye meza ya Bwana Wambua, na bado uko, mkitaka kuuona inueni kalenda. Jumamosi kwenye ibada, mchungaji alipomshika mkono Syokau akamuuliza gumba limeumia wapi. Alijibu kwamba halijaumia, limefanya mtihani na limepita.

Na Mwende alifika Nairobi Jumatatu.

Nyinyi mnamjua, ila hamjui kwamba mnamjua. Mimi namwita kwa jina la nyumbani. Nyinyi mnamwita Madam Sharon, yule anayewapigia kelele kila asubuhi kwamba picha ya kwanza haiguswi, mfanye nakala, mwulize mwenye uso. Mkidhani ni ukali tu, sasa mmejua ulitoka mto gani.

Alinitembelea mwezi uliopita, hapa nyumbani, na kompyuta yake ndogo. Alikuwa akinionyesha mambo mapya, jinsi mashine siku hizi inavyoweza kuchukua picha ya zamani na kumfanya mtu ageuke, akonyeze, acheke. Nikaenda chumbani nikaleta picha ya studio. Mimi na visigino vyangu, na mama kando yangu, midomo imefungwa kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

"Huyu anaweza kufunguliwa?"

Mwende aliishika picha kwa pembe, kama nilivyomfundisha. "Anaweza, Susu. Dakika mbili tu." Tukatazamana, kwa kuwa sote tulikumbuka dakika mbili za mara ile. "Lakini hayatakuwa meno yake. Mashine haikumwona. Aliyemwona ni wewe."

Akafunga kompyuta, akachukua brashi kwenye kikombe changu cha dirishani, akanipa.

Mkono wangu unatetemeka siku hizi. Karatasi ya kwanza niliitupa, ya pili nikaitupa, na ya tatu nikaenda kuitazama kutoka zizini kabla ya kusema ndiyo. Sasa ziko mbili ukutani. Ile ya studio sikuigusa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku hiyo na mwenye kosa ni mimi. Kando yake iko ya brashi, mama akicheka, manne yote.

Kitukuu changu Nduku, ambaye amepewa jina la mama huyo, ana miaka minne na anapenda kupanda kiti kuziangalia. Juzi alionyesha ya studio kwa kidole akaniuliza, "Huyu ni nani?" Kabla sijamjibu, kidole kilikuwa kimeshahamia kwa ile nyingine. "Huyu namjua," akasema. "Huyu anacheka kama wewe."